Usitoe Gia Sachangwan

"Boss, toa mkono. Mimi ndio nimefika kwanza."

Kang'ethe aligeuka, mkono bado kwenye mlango wa gari. Yadi ya magari karibu na mtaa wa Bondeni ilikuwa imejaa watu. Msichana mwenye sweta ya manjano na tope la Molo kwenye viatu alishika mlango wa pili wa gari lile lile dogo jeupe la umeme.

"Hili utalipeleka wapi, madam? Shimo moja tu la barabara ya Rhonda, limelala."

"Na lile la kijani pale, unalolitazama kila mara? Bei ya shamba, na buti haimezi magunia mawili ya viazi!"

Walibishana mpaka yadi ikafungwa. Msichana huyo, Wachuka, alikuwa muuza viazi. Kang'ethe, fundi wa friji, alikuwa amechoka kulisha pikapu yake petroli kabla hajajilisha mwenyewe. Wiki zilizofuata waliyalinganisha magari hayo kwa simu, na wote wawili walijua ni kisingizio.

"Jeupe ni bei rahisi, sweetie, lakini betri ni ndogo."

"Hata mimi ni mdogo, na hulali bila kunipigia."

Mwishowe Becky, mwenye yadi, akawaachia jeupe ili walijaribu hadi Molo. Kupanda, chaji ilishuka mbio. Kurudi, juu ya mteremko wa Sachangwan, Kang'ethe akatoa gia, kama wanavyofanya madereva wa malori kubana mafuta. Gari likateleza kimya, likashika kasi.

"Rudisha gia!"

"Tulia, babe. Nabana chaji."

"Kang'ethe, simamisha!"

Liliposimama, Wachuka alishuka, akaomba lifti kwa lori la maziwa. Simu za Kang'ethe hakuzishika hadi kesho yake.

"Kwani niliua mtu?" Kang'ethe alifoka. "Nabana ndio tuoane haraka!"

"Baba pia alikuwa anabana."

Kang'ethe akaisogeza simu sikioni.

"Lori la mafuta lilipopinduka pale, mwaka wa elfu mbili na tisa, alitoka shambani na mtungi. Lita chache tu za bure, kisha moto. Tuliwazika palepale bila kujua yupi ni wetu."

Kuna waliosema wale marehemu walikuwa na tamaa. Hawakuuliza kwa nini mtu anayelisha miji akimbilie petroli iliyomwagika. Walipandisha vioo vya magari yao makubwa, wakapita. Wanapita hadi leo.

Kang'ethe alirudi yadini kichwa chini. Becky alimshangaa. "Ulitoa gia? Gari la umeme hujichaji likiteremka, ikiwa gia iko ndani. Ukiitoa unatupa chaji, na roho yako pia."

Kwa hiyo alikuwa amemtesa mpenzi wake bure.

Alimfuata Wachuka sokoni na lile la kijani aliloazima yadini, lenye betri kubwa. "Endesha wewe. Mimi nitafunga mdomo."

Alifunga kweli, hadi Molo na kurudi. Kwenye mteremko Wachuka aliushika usukani kwa nguvu, gia ndani. Gari likajizuia lenyewe, likashuka kama mtu anayepapasa ukuta, na chaji ikapanda kidogo.

"Nilibana vibaya," Kang'ethe alisema. "Nisamehe. Nataka kukuoa, Wachuka."

Wachuka aliegesha kando ya makaburi ya wale wa moto, akajifuta uso kwa mkono wa sweta.

"Shuka," alisema. "Kwanza umwombe baba."