Mlio wa Mwiko wa Bibi

Kila jioni fundi cherehani alifunika cherehani yake, akapuliza makaa, akainjika maharage. Mvuke ulipopanda tu, alirudi utotoni. Alimwona marehemu mama yake ameinamia chungu, mwiko ukigonga: ko, ko, ko! Kisha likaja bakuli la mchuzi mzito, mtamu, ambao hakupata kuuonja tena.

"Baba Kidoti, nyama yako hiyo," alitania, akimpakulia mumewe maharage. Mume alibeba mizigo sokoni, alihitaji nguvu. Binti yao, Kidoti, alipewa mchuzi.

"Ndivyo mama alivyonilea," fundi alisema.

Lakini Kidoti hakunenepa. Wenzake walishatembea. Yeye alishika mguu wa cherehani, akasimama kidogo, kisha puu! Akaketi.

Mhudumu wa afya alipopita mtaani, alimpima, akakunja uso.

"Dada, uzito umegoma. Anakula nini?"

"Mchuzi wa maharage. Maziwa ya kopo hatuyawezi."

"Nani kakuuliza ya kopo? Maharage yenyewe je?"

"Ya baba yake. Mtoto meno hayajatimia."

"Ala! Baba anakula maharage, mtoto anakunywa maji yaliyoyaogesha! Mchuzi una ladha, dada. Vya kujenga mwili vimebaki kwenye maharage. Kama hana meno, mpondee."

Fundi alibetua midomo. "Mama yangu alinipa mchuzi, na mimi huyu hapa."

"Mchuzi wake ulikuwa mwepesi kama huu?"

Fundi aliukumbuka. La, ulikuwa mzito, uliganda kwenye kijiko. Na ule mlio! Miaka yote alidhani mama anakung'uta mwiko. Kumbe alikuwa akiponda.

"Maskini mama," alisema, machozi yakimlengalenga. "Nilishika harufu, nikaacha chakula."

"Hujachelewa. Ponda, tia mboga za majani zilizokatwakatwa na mafuta kidogo. Chungu ni kilekile, gawanyeni upya."

Jioni ile mume alichungulia sahani yake. "Mama Kidoti, mbona nyama imepungua?"

"Imehamia kwa anayejengwa. Wewe ulishaezekwa."

Mume alicheka, akamwongezea Kidoti kijiko kutoka kwenye sahani yake.

Miezi ikapita. Mashavu ya Kidoti yakajaa. Jioni moja fundi alianza kuponda: ko, ko, ko! Kidoti aliachia mguu wa cherehani, akaja akiyumbayumba kwa miguu yake mwenyewe, bakuli mkononi.

"Ngoja, mama," fundi alimwambia binti yake. "Mchuzi haujawa mzito bado."