Mpigaji wa Uvunguni

Jua lilikuwa limeshajificha nyuma ya mlima wakati Delphia Ratliff alipotelemka barabarani kuangalia sanduku la barua. Katika bonde lile la Kentucky jua huwahi kuondoka. Watu huwasha taa wakati kule mjini bado kweupe. Sandukuni alikuta matangazo ya duka na bahasha nene. Aliipasua palepale, miguu ikiwa kwenye tope.

Kilikuwa kitabu cha kujifunza mandolini, ala ndogo ya nyuzi, kwa mtindo wa bluegrass, muziki wa kule milimani, kwa mtu asiye na mwalimu.

Mumewe, Arvil, alikuwa amekufa majira ya baridi, kifua kimejaa vumbi la makaa ya mawe. Mandolini yake ilibaki inaning'inia ukutani. Kila mwezi wa Mei ukoo wa Ratliff hupanda makaburini juu ya mlima, wakafyeka majani, wakala, kisha wakawapigia marehemu wao muziki. Mwaka huo Hobert, kaka yake Arvil, alisema watatafuta mtu wa kuazima ashike nafasi ya mandolini. Delphia akakataa katakata.

"Nitapiga mwenyewe."

Hobert alicheka hadi akashika mbavu. "Wewe? Shemeji, wewe hata makofi kanisani unapiga peke yako, wenzako wameshamaliza!"

"Cheka tu. Utaniona."

Basi akaanza. Kila jioni akitoka jikoni kwenye shule alikokuwa mpishi, alipasha maharage yake, akala na mkate wa mahindi, akaegemeza kitabu kwenye birika la kahawa na kukaa kwenye kiti cha mbao. Nyuzi nane, zimekaa mbilimbili, zilimchana vidole mpaka akashindwa kushika kisu cha vitunguu. Hakuacha. Akajifunza kupiga juu na chini kwa kipande kidogo cha plastiki cha kupigia nyuzi. Akajifunza wimbo mmoja mwepesi, akaupiga vibaya, halafu vibaya kidogo.

Ndipo akafika kwenye somo la kukata.

Kitabu kilieleza kwamba bendi ya bluegrass haina ngoma. Besi, ala kubwa ya sauti nzito, hupiga pigo la kwanza, mandolini hujibu kwa kukata, yaani pigo kavu, nyuzi zikizimwa mara moja kwa vidole. *Du... cha. Du... cha.* Kama huna mtu wa besi, kitabu kilisema, gonga sakafu kwa mguu.

Delphia akagonga mguu, akakata. *Du... cha. Du... cha.* Mara mkono ukaingia kwenye mwendo wenyewe, kama gurudumu lililopata barabara. Akatabasamu. Alikuwa bado anatabasamu alipoutazama mguu wake.

Ulikuwa umetulia.

*Du...*

Mkono wake ukakata wenyewe. *Cha.*

*Du...*

Ilitoka chini ya sakafu. Nyumba ile ilisimama juu ya nguzo fupi za mawe, na chini yake palikuwa na uvungu ambao mtu mzima angeweza kutambaa. Pigo lilipanda kwenye mbao, likapita nyayoni, likamfika magotini. Na lilikuja na harufu... moshi wa kale, maji yaliyolala, chuma. Harufu ya nguo za Arvil alipokuwa anatoka mgodini.

Alipaswa kuogopa. Badala yake machozi yalimtoka.

"Arvil?" alinong'ona. "Ni wewe, mpenzi?"

*Du.*

Tangu hapo hakupiga peke yake. Kila jioni alikaa, akakata, na chini kukajibiwa. Akiharakisha, kule chini kunaharakishwa. Akikosea, kunasubiriwa. Mandolini ikamkubali mkononi kwa namna ambayo kitabu kilisema huchukua miaka. Shuleni wenzake walimuuliza ana nini siku hizi, mbona anang'aa hivyo. Akajibu ni muziki tu.

Siku moja akamwita Hobert aje na banjo yake. Hobert alifika jioni na utani wake.

"Nimeleta pamba za masikio, shemeji."

"Kaa hapo usikilize."

Akakata. Hobert akainua nyusi, hakutegemea. Akaweka banjo gotini ajiunge naye. Kisha pigo la chini likaingia, na mkono wake ukaganda hewani.

"Nini hicho?"

"Ni yeye," Delphia alisema, macho yanameremeta. "Ni Arvil. Huja kila jioni."

Hobert hakucheka. Uso wake ulikuwa umepoteza damu.

"Delphia." Hakuwahi kumwita kwa jina kavu namna ile. "Arvil tulimzika juu. Juu ya mlima. Mimi nilibeba jeneza. Hiki kinatoka chini."

Hobert akajaribu kujipa moyo. Labda ni bomba la maji. Labda mnyama kajenga uvunguni. Akachukua tochi jikoni.

"Naingia kutazama. Wewe piga, nifuate sauti. Nikisema acha, unaacha."

Delphia alisikia kimlango cha uvungu kikilia nje, kisha magoti ya Hobert yakiburuta udongoni, chini ya jiko, chini ya meza, chini ya kiti chake. Akapiga. *Du... cha. Du... cha.* Mwendo haukuyumba.

"Umeona kitu?" aliita.

"Usiache, shemeji," Hobert alijibu kutoka chini.

Akaendelea. Harufu ikazidi. Mbao za sakafu zilikuwa na joto sasa, alilisikia kupitia soksi.

"Hobert, umeona nini?"

"Usiache, shemeji."

Akakata kwa kasi zaidi. Jasho lilimwingia machoni.

"Hobert, naogopa."

"Usiache, shemeji."

Sauti ileile. Upole uleule. Na ndipo akagundua kwamba maneno yale yalikuwa yanaangukia kwenye pigo, sawasawa, kila mara...

Mlango wa mbele ukafunguka kwa kishindo.

Hobert alisimama pale, udongo kwenye nywele, viganja vimechubuka.

"Acha!" alisema. Sauti ilimkwama. "Nimepiga kelele niko chini mpaka koo linawaka! Acha, acha, acha! Umeziba masikio?"

Mandolini ilimponyoka Delphia, ikaanguka.

Chini ya miguu yao, Hobert akasema, "Usiache, shemeji."

Walitoka mbio, Delphia bila koti wala viatu. Hobert aliendesha gari hadi mdomoni mwa bonde ndipo akaweza kuongea, tena kwa sauti iliyokwaruza.

"Hakuna shimo kule. Udongo mkavu tu. Lakini kila ulipokata, udongo uliinuka... ukashuka. Kama kifua cha mtu aliyelala." Akapangusa uso. "Mama hakuwahi kuimba ndani ya nyumba ile aliyotulea, unajua? Alikuwa anatoka hadi zizini ndipo aimbe. Tulidhani ni mambo yake tu. Laiti ningemuuliza. Mungu wangu, ningemuuliza."

Hayo ndiyo maneno ya mwisho kutoka kinywani mwake. Asubuhi, nyumbani kwake, alifungua mdomo amsalimu Delphia, na hakikutoka kitu. Wala mnong'ono. Daktari alimmulika kooni, akasema koo ni zima kabisa, ni mshtuko, utaisha.

Haukuisha. Mei ikafika, wakapanda makaburini bila mandolini. Hobert alipiga banjo amefumba mdomo, na wengine walipoimba aliwageuzia mgongo.

Delphia alikuwa amebaki kwa Hobert. Hobert alikuwa mgane, naye Delphia mjane, majirani wakasema wasemavyo. Hakuwajali. Siku moja tu alirudi kwenye nyumba ile kuchukua nguo, mchana wa jua kali. Alikuwa anafunga sanduku la nguo aliposikia mtu akikohoa chini ya kitanda... chini zaidi ya kitanda.

"Shemeji," ilisema sauti ya Hobert, changamfu, yenye utani wake wote. "Mbona kimya hivyo? Mwambie Hobert aje. Mwambie huku tunaimba."

Tunaimba.

Alikimbia bila nguo. Hakumweleza Hobert kitu, na hadi leo hajamweleza.

Lakini jioni zimeanza kumshinda Hobert. Jua likizama, huacha chakula mezani, akatoka barazani na kusimama ameelekeza uso bondeni, kwenye nyumba ile, kichwa kimelala upande. Wiki iliyopita alishuka ngazi. Jana Delphia alimkuta barabarani, anatembea taratibu kwa mwendo uliopimwa, na midomo yake inachezacheza.

Akamshika mkono kwa nguvu zake zote.

"Shemeji, unasikia nini? Nionyeshe tu. Ni nani anakuita?"

Hobert akamgeukia. Alikuwa anatabasamu kama mtu aliyepata habari njema. Akajigusa kifuani kwa kidole, na midomo ikatamka neno moja, polepole, bila sauti, ili Delphia aelewe.

*Mimi.*