Kifungo cha Juu cha Shati la Kiprugut

"Hakuna mke anayejua kutunza mume kama mimi, kutoka hapa Kariandusi mpaka Nakuru mjini," alisema Jelagat. "Kama unabisha, muulize mwenyewe. Lakini usimuulize sasa. Sasa nimemjaza uji mdomoni."

Aliyekuwa akiambiwa ni binti yake, Jepleting, ambaye hakuwa amebisha. Alikuwa amekuja nyumbani Jumamosi hiyo kutoka chuoni Nakuru, anakojifunza kazi ya umeme.

Mume mwenyewe, Kiprugut, alikuwa kwenye kiti cha mbao karibu na dirisha. Alikuwa amefungwa taulo shingoni. Alimeza uji. Kabla hajapumua, kijiko kingine kilikuwa kinapiga hodi mdomoni.

"Fungua, Mzee. Aaa. Vizuri."

Kiprugut hakuwa mtu wa kuambiwa aaa. Kwa miaka mingi alikuwa nyapara kwenye machimbo ya udongo mweupe. Jioni alirudi nyumbani mweupe kama aliyeanguka kwenye gunia la unga. Watoto walimkimbia, kisha wakamkimbilia. Alipostaafu, majirani walimchagua kuwa mwenyekiti wa maji. Ufunguo wa tangi la kijiji ulikaa mfukoni mwake. Watu wakigombana kwenye foleni, hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Nani hajasema?" Kisha akamsikiliza huyo.

Halafu kiharusi kikaja. Asubuhi moja mdomo wake ulienda upande, mkono wa kulia ukalegea kama kamba, na maneno yakamgomea. Jelagat alidhani ni baridi ya ziwani. Akampaka mafuta, akamwombea, akamfunika blanketi. Walifika hospitali jua limeshainama.

"Mama," daktari alimwambia, "mdomo ukienda upande, mkono ukilegea, maneno yakipotea, usingoje hata chai ichemke. Mlete mtu hospitali saa hiyo hiyo."

Kiprugut alipata nafuu. Aliweza kutembea kwa mkongojo. Maneno nayo yalirudi, lakini yalirudi kama ng'ombe wavivu, mmoja leo, mwingine baadaye. Jelagat hakuyangoja. Mume akisema, "Na...," yeye alimalizia, "Najua, unataka chai." Mara nyingi hakutaka chai. Aliinywa.

Jelagat alifanya yote kwa mapenzi. Alimwosha, akamvisha, akamlisha. Hata ufunguo wa tangi aliurudisha kwa kamati yeye mwenyewe, ili mzee apumzike. Siku hiyo Kiprugut aliupapasa mfuko wake, akaukuta mtupu. Akatazama nje. Alitaka kuuliza. Nani angemngoja amalize?

Sasa siku ya koito ilikuwa inakaribia. Jepleting alikuwa na mchumba, kijana anayeitwa Kipketer, mfanyakazi wa Olkaria kule kwenye mitambo ya umeme wa mvuke. Wazee wa Kipketer wangekuja kuomba msichana na kupanga harusi.

"Mama," Jepleting aliuliza, "siku hiyo baba atakaa wapi?"

"Chumbani. Nimeshamtafutia blanketi jipya."

"Chumbani? Na nani atawapokea wageni?"

"Si baba yako mdogo, Kiplimo? Anauza mbuzi Kikopey. Huyo hajawahi kukosa maneno."

"Lakini mimi ni mtoto wa huyu, si wa Kiplimo."

"Unataka wakwe waone mate yakimtoka? Mimi namfichia aibu."

"Mama, anakusikia!"

"Najua anasikia. Na amekubali. Si ndiyo, Mzee?"

"Si...," Kiprugut alianza.

"Si neno, anasema," Jelagat alieleza. Akapangusa kidevu cha mumewe na kuweka bakuli mezani.

Mlangoni alikuwa amesimama Wachuka. Wachuka ni jirani, na pia ni mhudumu wa afya wa kijiji. Kila mara hupita kumpima Kiprugut presha. Alikuwa amesikia yote.

"Hodi hapa! Chamgei!"

"Chamgei, Wachuka. Karibu ndani."

Wachuka akafunga kipimo chake kwenye mkono wa Kiprugut. "Presha imeshuka. Dawa anakunywa kila siku? Hata akijisikia mzima?"

"Kila siku. Na chumvi nimepunguza. Anakula kama mgonjwa, na mimi nakula kama mgonjwa, na mimi sijaugua!"

"Ni vizuri kwenu wote," alisema Wachuka. Kisha akalifungua lile taulo shingoni mwa Kiprugut. Jelagat alidhani anataka kulifua. Kumbe! Wachuka alimzunguka Jelagat na kumfunga taulo hilo yeye.

"Jepleting!" Wachuka aliita kwa sauti kubwa, kana kwamba Jelagat ni kiziwi. "Huyu mama yako amekunywa uji leo?"

"Wee Wachuka, umerukwa na akili?" aliuliza Jelagat.

"Anasema anataka uji," Wachuka alimweleza Jepleting. Akachota uji uliobaki. "Fungua, mama. Aaa."

Jelagat alifungua mdomo ili agombe. Kijiko kikaingia.

"Mimi si...," alianza, uji ukimtoka.

"Si mbaya, anasema. Mfute kidevu, Jepleting. Maskini! Halafu mpeleke chumbani, wageni wasimwone hivi."

"Wachuka, acha! Mimi si mtoto!" Jelagat alisimama, taulo shingoni, uji kidevuni. "Nina mdomo wangu! Niulizeni mimi mwenyewe!"

Kwenye kiti cha dirishani ikasikika sauti ngeni. Mabega ya Kiprugut yalikuwa yanatikisika. Upande mmoja wa uso wake ulikuwa umelala bado, lakini upande wa pili ulicheka kwa niaba ya wote wawili.

Jelagat hakuwa amesikia kicheko hicho tangu mumewe augue. Alitaka kukasirika zaidi. Badala yake akaketi.

"Pole, rafiki yangu," alisema Wachuka, sasa kwa sauti ya chini. "Umempenda mpaka umemfuta. Kiharusi kimeshika ulimi na mkono. Akili yake ipo pale pale. Tangi limejaa, ila bomba limebanwa, na maji yanatoka kwa matone. Sasa wewe ukifunga bomba kwa kuchoshwa na matone, si atakufa kiu akiwa juu ya tangi?"

"Basi nifanye nini?" aliuliza Jelagat.

"Unaniuliza mimi?"

Jelagat alimgeukia mumewe. Aliona haya, kama msichana. "Mzee, wewe unataka nini?"

Kiprugut alifungua mdomo. Neno halikuja. Jelagat naye akafungua wake.

"Usimsaidie," alisema Wachuka. "Ukishindwa kungoja, hesabu magari."

Huko chini barabarani lori lilipanda likielekea Nakuru. Likafuata la Gilgil. Likapita basi.

"Shati," alisema Kiprugut. "Nivae... mwenyewe. Niwa...pokee... wageni."

Jelagat aliangalia mkono wa mumewe, akatikisa kichwa. "Vifungo vitamshinda, Wachuka."

"Vitamshinda, kisha atavishinda. Unakumbuka Jepleting alipokuwa mdogo, akijifunza kufunga sweta?"

"Alitoka nje limepanda upande mmoja, kama mlima Eburru," alisema Jelagat, akitabasamu.

"Ulimcheka, lakini ulimwacha. Ndivyo alivyokua. Leo anafunga nyaya za umeme. Mtu haachi kukua kwa sababu ameota mvi. Mtoto ana la kwake la kujifunza, kijana ana lake, na mzee ana lake. Heshima ni kumwachia nafasi alifanye, hata akichelewa."

Tangu siku hiyo mambo yalibadilika, ingawa si kwa urahisi. Kiprugut alichambua maharagwe kwa mkono wa kulia, na mengine yalikimbilia chini ya kabati. Alishika kijiko mwenyewe. Uji ulimwagika, na kuku wakampenda sana. Jelagat alikalia mikono yake ili isimsaidie. Hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote alizowahi kufanya, na alikuwa amezaa mara nne.

Vifungo vya shati vilishindwa kimoja kimoja, kutoka chini kwenda juu. Kikabaki kile cha shingoni.

"Hiki... kinani...shinda," alisema Kiprugut.

"Hiki niachie mimi," Jelagat alijibu haraka, na vidole vyake vikakimbilia shingoni.

Siku ya koito ikafika. Kiprugut aliketi sebuleni kwenye kiti chake, shati jeupe, mkongojo mkononi. Pembeni alikaa ndugu yake, Kiplimo, akinukia mbuzi wa kuchoma. Wageni wakaingia wakiongozwa na mjomba wa Kipketer, mzee Kipkirui, na Kipketer mwenyewe akiwa nyuma kabisa. Walisalimiana na kumwomba Mungu. Jepleting aliitwa, akasalimia, akarudishwa jikoni.

"Sisi hatutaki kuchelewa," alisema Kipkirui. "Harusi iwe Desemba. Msichana ahamie Olkaria. Mambo ya chuo si hoja, atayaona mbele ya safari."

"Hakuna shida!" Kiplimo alidakia. "Msichana ni wenu! Desemba ni mbali, chukueni hata Novemba!"

Jelagat alitazama mlango wa jikoni. Jepleting alikuwa amebakiza mwaka mmoja tu chuoni. Lakini wanaume walikuwa wameshaanza kupeana mikono.

Mkongojo ukagonga sakafu. Ko! Ko!

Wote waligeuka. Kiprugut alikuwa amefungua mdomo.

"Na...," alisema.

"Anataka chai!" alisema Kiplimo. "Leteni chai!"

"Kiplimo, nyamaza," alisema Jelagat. "Hataki chai."

Watu wakangoja. Kipkirui akakohoa. Jelagat aliliona neno limekaa kwenye ulimi wa mumewe. Alilijua! Midomo ilimwasha. Akauma ncha ya kitambaa chake, akahesabu magari. Lori la Nakuru. Pikipiki. Lori jingine. Mate yalimtoka Kiprugut kidogo. Akachukua leso mfukoni, akayafuta mwenyewe. Hakuna mgeni aliyezimia.

"Nani... hajasema?" aliuliza Kiprugut.

Watu walitazamana. Yeye akaelekeza kidevu jikoni. "Mwite... Jepleting."

Jepleting alikuja na kusimama mbele ya wazee, mikono imeshikana.

"Unataka... nini?" baba yake alimuuliza.

"Baba, Kipketer nampenda," alisema Jepleting. "Lakini nataka kumaliza chuo kwanza. Mwaka mmoja tu. Nikienda Olkaria niende na kazi yangu mkononi."

Kipkirui alikunja uso. Kabla hajajibu, Kipketer aliinuka kule nyuma.

"Hata mimi nilisema hivyo nyumbani," alisema. "Nimesema tangu Pasaka! Niliambiwa, kijana nyamaza, wazee wanapanga."

Kicheko kilianzia kwa akina mama na kuishia kwa wazee. Kipkirui naye alicheka, kwa shida.

"Mzee Kiprugut," alisema, "mimi niliambiwa wewe ni mgonjwa."

"Ni... mgonjwa," alijibu Kiprugut. "Si... mjinga."

Basi wakakubaliana harusi ingoje. Mursik, yale maziwa ya mgando, ikamiminwa. Kikombe cha kwanza alipewa Kiprugut, akakishika mwenyewe, kwa mikono miwili.

Habari zilienea kijijini. Muda si mrefu mwenyekiti mpya wa maji, msichana anayeitwa Becky, alikuja na ufunguo wa tangi. Watu wa juu na watu wa chini walikuwa wanagombania zamu, naye alikuwa amechoka.

"Mzee, rudi tu kwenye kiti chako," alisema.

Kiprugut aliushika ufunguo, akaupima kwa kiganja. Kisha akamrudishia.

"Kaa nao. Njoo... tuongee. Wapi... hawajasema?"

Becky akafikiri. "Wale wajane wa kule bondeni."

"Anza... huko."

Becky alianza huko. Siku hizi huja mara kwa mara, na hukaa mpaka Kiprugut amalize sentensi.

Jelagat naye alijifunza kungoja. Lakini kila asubuhi alikuwa na dakika yake. Kiprugut alifunga vifungo vyote, akafika shingoni, akainua kidevu. "Hiki... bado," alisema. "Mkono... hauna nguvu." Jelagat aliinama, akakifunga polepole kuliko ilivyohitajika, na wakaangaliana kwa karibu. Kwa kweli hakuombea sana mkono huo upone wote.

Asubuhi moja alimfunga kifungo hicho cha juu cha shati jeupe, akatoka kupeleka maziwa barabarani. Huko alikutana na Wachuka. Alikumbuka ameacha kifuniko cha mkebe nyumbani, basi wakarudi pamoja.

Mlangoni alisimama Kiprugut. Shati jeupe lilikuwa juu ya kamba, lina doa kubwa la chai. Yeye alikuwa amevaa la bluu. Lilikuwa limefungwa lote, mpaka juu.

"Kiprugut," alisema Jelagat. "Jepleting yuko chuoni. Mimi nilikuwa barabarani. Nani amekufunga hicho cha juu?"

Mara hii neno halikuchelewa hata kidogo.

"Wachuka," alisema Kiprugut. "Alipita hapa."

Wachuka akachungulia kutoka nyuma ya bega la Jelagat. "Nilipita saa ngapi, Mzee?"

Kiprugut alimtazama Wachuka. Akamtazama mkewe. Kisha akainua ule mkono wa kulia, ule usio na nguvu, akakifungua kifungo tena, na akainua kidevu.