Kikohozi cha Ukutani

Kila siku nikitoka shule nilivua sare, nikala, kisha nikaingia chumbani kwa bibi kufanya kazi za shule kwenye meza yangu. Ni chumba hicho tu kilichokuwa na kiyoyozi, kwa sababu daktari alisema moyo wa bibi hauwezi joto. Kitanda changu kilikuwa pembeni ya chake. Nyumbani wananiita Kiherehere, na kusema kweli hawanionei.

Alasiri moja ukuta ulikohoa.

Kilikuwa kikohozi kizito, kikafuatiwa na pumzi ndefu. Kalamu ilinidondoka. Mama alikuwa kazini. Nyumbani tulikuwa wawili tu. Bibi hakushtuka hata kidogo. Aligeukia ukutani akasema taratibu, "Pole, baba watoto."

Babu alifariki mwaka uliotangulia, naye alikuwa akikohoa vivyo hivyo.

Tangu siku hiyo ukuta ulikohoa kila alasiri. Kisha chini ya kiyoyozi likatokea doa la unyevu. Mwanzoni lilikuwa dogo kama kiganja. Baada ya wiki lilikuwa na kichwa na mabega. Bibi alisogeza kiti hadi hapo ukutani. "Asichoke kusimama," akasema. Mimi nikahamishia madaftari yangu jikoni.

Mama alimwita fundi aliyebandika namba yake kwenye nguzo ya umeme. Alikuja mbio mbio, akakigonga kiyoyozi kwa bisibisi bila kukifungua. "Gesi imeisha," akasema. Akajaza gesi, akaenda zake. Kesho yake ukuta ukakohoa tena. Alipoitwa mara ya pili alilitazama lile doa, akarudi nyuma hatua mbili. "Mama, hiki si kiyoyozi. Nyumba yenu ina mambo." Baada ya hapo hakupokea simu tena.

Mama aliishiwa nguvu. "Jumamosi nampeleka bibi yako kwa mjomba," aliniambia. "Hawezi kukaa humu anaongea na ukuta." Kwa mjomba ni safari ya siku nzima, na kule hakuna kiyoyozi. Nililia kimya kimya, maana kulikuwa na jambo nililolijua mimi peke yangu, na niliogopa kulisema.

Alhamisi jirani yetu, muuguzi wa zahanati, alipita kumjulia hali bibi. "Mbona humwiti yule mama anayetengeneza majokofu yetu ya chanjo?" alimuuliza mama. "Yule akisema anakuja, anakuja. Na asipojua, anasema sijui."

Fundi huyo alifika Ijumaa, saa ile ile aliyosema. Alikuwa mnene, na miwani yake ilifungwa kwa uzi. "Shikamoo, mama," alimsalimia bibi, akaomba kukalia kile kiti cha ukutani. Bibi alifikiri kidogo, akamruhusu. Ukuta ukakohoa. Fundi alisikiliza huku amefumba macho.

"Bado sijui ni nini," akasema. "Ilianza lini? Na siku hizo mlibadilisha kitu gani hapa?"

"Hakuna," mama akajibu.

Fundi akanitazama. Doa nalo, naapa, lilikuwa likinitazama. Nikawaza kesho yake, kitanda cha bibi kikiwa kitupu.

"Ni mimi," nikasema. "Niligusa bomba la nje."

Niliwapeleka nyuma ya nyumba, nikawaeleza. Awali maji ya kiyoyozi yalikuwa yakidondoka bure, nami nilikuwa na miche ya nyanya. Basi nililiingiza bomba kwenye dumu mpaka chini, nikaziba mdomo kwa tambara ili mbu wasizaliane. Mama alikuwa amenikataza kabisa kugusa mashine ile. Kikohozi kilipoanza nilishuku, nikaenda kulitoa bomba. Dumu likapumua. Nilikimbia, sikurudi tena.

Fundi alilichomoa bomba dumuni. Kupitia dirishani tukasikia kikohozi kirefu cha mwisho, kisha kimya.

"Ncha ya bomba ikizama, maji hayashuki," alieleza. "Hewa inagombana nayo humo ndani, ndiyo sauti mliyoisikia. Maji yaliyokosa njia yanarudi, yanashukia ukutani." Akaingia ndani, akakifungua kiyoyozi, akamwonyesha mama trei iliyojaa maji, akaisafisha mbele yetu. "Gesi haikuwa na tatizo lolote."

Bibi alikuwa amesimama mlangoni. "Kwa hiyo hakuwa yeye?"

Nilimkumbatia, nikamwomba msamaha.

"Wiki mbili naliambia dumu pole!" akasema. Alicheka mpaka akajifuta machozi, na si yote yaliyotokana na kicheko. Moyo uliniuma kuliko kama ningechapwa.

Fundi alikuwa anafunga mkoba wake. "Mwanangu, fundi wa kuaminika anauliza, anafungua, anakuonyesha," aliniambia. "Lakini hata mimi siwezi kutengeneza kitu ambacho mwenye nyumba anakificha. Leo kazi kubwa umeifanya wewe, uliposema."

Mama alichukua simu akamwambia mjomba kwamba safari haipo. Doa lilichukua siku nne kukauka. Mabega yalitangulia, kichwa kikafuata. Siku ya nne bibi alikiondoa kiti pale ukutani, akakiweka mbele ya meza yangu.

"Kaa wewe," akasema. "Na ukiwa na neno, mjukuu wangu, liseme siku ile ile. Usiniache niongee na ukuta."