Kata Kuanzia Katikati

Baba Mapacha alikuwa na ng'ombe wanne wa maziwa, watoto wawili wa shule na mke mmoja. Ng'ombe hawakumsumbua. Watoto walimsumbua kidogo. Aliyekuwa anamnyima usingizi ni mke, tangu alipoanza kuteremka shambani kila alfajiri.

Ilikuwa hivyo hivyo siku zote. Mama Mapacha anakamua, anachuja maziwa, ananawa mikono hadi viwikoni. Halafu anavaa viatu vya mpira, anachukua daftari, na huyoo, anashika njia ya shamba la majani. Huko anamkuta Bwana Darubini.

Watu walimpa jina hilo kwa sababu ya darubini iliyoning'inia shingoni mwake mchana kutwa. Alikuwa mtumishi wa idara ya wanyama na ndege. Alikuwa mrefu, na meno yake yalikuwa meupe. Siku moja Baba Mapacha aliyachunguza meno yale kwa makusudi, akitafuta japo pengo moja. Hakuliona.

"Hivi mnafanya nini huko?" alimuuliza mkewe.

"Tunamsikiliza ndege. Kreke. Si unamsikia anavyolia, kreke-kreke?"

"Ndege! Kuku wamejaa uani, mbona hao huwasikilizi?"

Mama Mapacha akacheka. "Kuku hawajatoka mbali, Baba Mapacha. Huyu ametoka bara jingine."

Jibu hilo halikumtuliza hata chembe. Kwenye kituo cha maziwa nako wenzake walimchokoza. "Naona shemeji yetu siku hizi ana mwalimu wake," alisema mmoja. Wote wakaangua kicheko. Baba Mapacha naye akacheka, lakini rohoni alikuwa anaungua. Aliondoka, akakumbuka njiani kwamba ameacha ndoo zake zote kituoni.

Jioni moja wakiwa mezani, mkewe akasema, "Shamba la chini usilikate kwanza. Ngoja wiki tano."

"Wiki tano! Majani yamefika kiunoni. Yakikomaa sana hayana lishe. Ng'ombe watakula nini wakati wa baridi, majani yasipoota?"

"Kreke ameangua humo. Bwana Darubini amesema..."

Laiti angeishia kwenye neno "humo"! Baba Mapacha alisukuma sahani.

"Bwana Darubini amesema! Kwa hiyo siku hizi yeye ndiye mwenye shamba?"

Kesho yake Mama Mapacha alimpeleka mtoto mmoja zahanati kung'olewa jino. Kumbe mumewe alikuwa anaingoja nafasi hiyo. Alifunga mashine ya kukatia nyuma ya trekta, akateremka. Majani yangeweza kungoja, na yeye alijua. Ila alitaka shamba libaki tupu, wale wawili wasiwe na sababu ya kukutana.

Alianza pembeni, kama alivyofundishwa na baba yake. Akazunguka, akazunguka tena, kila mara akisogea ndani. Kufika saa sita kilibaki kipande kidogo katikati, kama ukubwa wa vyumba viwili. Hapo akamwona mtu anakuja mbio, anapunga kofia.

"Zima! Zima mashine, kaka!"

"Kaka yako nani?" Lakini alizima, maana mtu mwenyewe alikuwa amesimama mbele ya trekta.

"Wamo mle katikati," alisema Bwana Darubini, akihema. "Umewazingira."

"Hili ni shamba langu! Na yule ni mke wangu!"

Bwana Darubini alimkodolea macho. "Mke? Mimi nasema vifaranga, ndugu yangu."

Mara majani yakatikisika. Ndege wa kahawia, mdogo kuliko njiwa, akachungulia. Akakimbia hatua mbili kwenye uwanja uliokatwa, akasita, akarudi ndani. Nyuma yake vilikimbia vitu vidogo vyeusi kama vipande vya makaa.

"Mbona haruki?" aliuliza Baba Mapacha. "Mabawa si anayo?"

"Yeye anaweza kuruka. Wanawe hawawezi mpaka wafike kama wiki tano. Na mahali peupe wanapaogopa, mwewe atawaona. Kila unapozunguka, wao wanarudi katikati. Mzunguko wa mwisho ndio unaowamaliza."

Baba Mapacha alitazama visu vya mashine. Miaka ishirini alikata hivyo. Mara ngapi alikuta manyoya kwenye visu, akayafuta kwa tambara, asijiulize?

"Sasa kwa nini aje kuzaa wakati wangu wa kukata?"

"Ana wakati wake. Kipindi cha baridi yetu anakaa mbali sana, kwenye joto. Mwilini mwake ana saa yake ya kuzaliwa nayo, na urefu wa mchana unaisaidia. Siku zikikaribia anakula mpaka ananenepa, kisha anaondoka. Anavuka bahari na jangwa. Akifika hapa anakuta majani marefu ya kumficha. Na vifaranga wanatoka wadudu wakiwa tele. Ndege wa safari ndefu akichelewa kuzaa, wadudu wanapungua, watoto wanakufa njaa."

"Zamani mbona hatukugombana naye?"

"Zamani ulikata lini?"

Baba Mapacha akafikiri. "Wiki tatu baadaye. Siku hizi joto linawahi, majani yanawahi."

"Ndiyo hivyo. Majani yanawahi, na wewe unawahi. Yeye huko mbali hajui kama huku kumeshapata joto. Anaondoka kwa saa yake ile ile."

"Basi nikateje? Ng'ombe wangu wale hewa?"

"Ukiweza, ngoja. Usipoweza, anzia katikati. Kata ukienda nje, polepole. Pembeni acha ukanda wa majani marefu, wapate pa kukimbilia."

Wakati huo Mama Mapacha alitokea njiani, amemshika mkono mtoto mwenye shavu lililovimba. Alitazama shamba. Baba Mapacha angeona heri apigiwe makelele.

"Nimeona saba," alisema Bwana Darubini kwa sauti ndogo.

"Walikuwa tisa," alisema Mama Mapacha.

Baba Mapacha akashuka kwenye trekta. "Mama Mapacha, mimi nilidhani..."

"Najua ulichodhani. Kila mtu kituoni anajua ulichodhani."

Bwana Darubini alikohoa, akainua darubini, akaanza kuchunguza mti uliokuwa mbali kabisa.

"Mbona hukuniambia mapema habari za huyu ndege?" aliuliza mume.

"Sikukuambia?" alisema Mama Mapacha. "Miaka mitatu iliyopita, siku ya kwanza nilipomsikia, nilikimbia kukuamsha wewe. Nilitaka usikie wewe kwanza. Ukaniuliza, 'Huyo ndege anatoa maziwa?' Ukajifunika shuka. Ndipo nikatafuta mtu wa kunisikiliza."

Baba Mapacha aliwasha trekta, akaipeleka nyumbani, na kile kipande cha katikati akakiacha kimesimama.

Kilisimama wiki tano. Vifaranga wakaota mabawa, wakatoka. Ndipo akakikata. Majani yake yalikuwa magumu kidogo, lakini ng'ombe waliyala, na baridi ikapita bila yeyote kulala njaa. Kituoni alieleza namna mpya ya kukata. Wengine walimcheka. Wawili walijaribu, wakaona haina gharama ila subira.

Mwaka uliofuata, alfajiri moja, mume na mke waliteremka pamoja. Walisimama kwenye ukanda wa majani marefu. Kreke-kreke, akalia wa kwanza. Akajibu wa pili, kutoka shamba la jirani. Mwaka uliotangulia alikuwa mmoja tu. Mama Mapacha akaandika tarehe.

"Haya, niambie kweli," alisema akifunga daftari. "Wivu umekwisha?"

"Haujaisha."

"Makubwa! Unamwonea nani tena?"

"Nakuonea wewe," alisema Baba Mapacha. "Asubuhi zote hizo ulikuwa unamsikia. Mimi leo ndiyo kwanza."