Koki ya Mwajabu

Siku hiyo Mwajabu alivaa gauni jipya la njano, akajitanda kanga ya kisutu na kujipaka wanja, na hakuwa akitafuta fundi wala mwanamume. Alisimama stendi ya Omurushaka akisubiri mzigo kutoka Bukoba. Kijana mmoja akashuka kwenye basi na rejeta kuukuu begani, akageuka bila kuangalia, na maji ya kutu yakamlowesha binti wa watu kuanzia kifuani.

"Samahani, dada. Nilidhani imekauka."

"Na macho yako nayo yamekauka?"

Kijana akacheka. Mwajabu alitaka kumtukana, akajikuta naye anacheka.

Aliitwa Ildefonsi, fundi injini, mtoto wa wakulima wa Kimuli waliotoka Rwanda zamani. Mwajabu naye aliendesha mashine ya kusaga aliyoachiwa na marehemu baba yake, na mashine yenyewe ilikuwa ikimwaibisha. Injini ilipozwa kwa pipa la maji. Ikifika adhuhuri pipa linatokota, mashine inazimwa, na akina mama wanarudi na mahindi yao mazima. Baba yake mdogo, Mzee Gharib muuza vitambaa, alikwisha kutoa kauli: ikichemsha tena anaiuza, na Mwajabu anapelekwa Tanga kuozwa.

Basi wakaanza kutafuta rejeta ya kushika nafasi ya pipa, na huko kwenye vyuma chakavu ndiko walikopendana. Ildefonsi aliitaka ile ndogo ya pikapu aliyokuja nayo. Mwajabu akaikataa, akachagua pana ya lori bovu, kwa hoja kwamba upepo haupozi usichokigusa. Kijana akamwita injinia wake. Yeye, pasipo watu, akamwita laazizi.

Wakagombana juu ya koki tu, ile iliyokuwa kwenye bomba la kurudisha maji kwenye injini. Ildefonsi alitaka ibanwe nusu.

"Maji yakienda mbio hayapoi," alisema. "Yaache yakae kwenye rejeta."

"Yakikaa kwenye rejeta, mpenzi, mengine yamekaa jikoni, ndani ya injini. Iache wazi."

Ildefonsi akaahidi kuiacha wazi, akaifunga rejeta kwenye injini.

Kesho yake mashine ilichemsha saa nne tu asubuhi, mvuke ukajaa banda zima. Mwajabu akashika mipira ya rejeta. Wa juu uliunguza, wa chini ulikuwa baridi kama mtungi. Maji hayakuwa yakitembea. Akaitazama koki: imebanwa nusu. Ndipo akakumbuka jinsi alivyomwona Ildefonsi jana yake jioni nyuma ya duka la Mzee Gharib, akinong'ona naye, mkono wa mzee begani mwake. Akamwita Ildefonsi bandani.

"Amekupa nini uiue mashine yangu?" alimuuliza.

"Mwaja, nisikilize..."

"Toka."

Akatoka. Mwajabu alilia kwa hasira, kisha akafuta wanja, akafungua koki hadi mwisho.

Siku ya soko Mzee Gharib alikuja na mnunuzi. Walikuta foleni imefika barabarani na mashine inanguruma. Adhuhuri ikapita. Mzee akauliza itazimwa saa ngapi.

"Shikamoo, baba mdogo. Mahindi yakiisha."

"Mwache binti asage, waitu, mzee wetu," alisema Kokwijuka, mteja wa siku nyingi, akikalia debe lake la mahindi.

Hapo Ildefonsi akapenya kati ya watu, shati limepigwa pasi, spana mkononi. Alisema mbele ya wote, bila kuinamisha kichwa, kwamba koki aliibana yeye kwa ubishi wa kifundi. Alitaka kumwonyesha mwenzake kuwa anajua zaidi, na hakujua. Kwa mzee, jioni ile, alikwenda kumposa Mwajabu.

"Akaniambia nisilimu, au nihame Omurushaka. Nikamwambia sitafanya hata moja."

Mwajabu akamgeukia mzee. "Ni kweli?"

Mzee Gharib akairekebisha kofia yake, akatazama barabarani.

"Baba mdogo, nakuheshimu. Lakini mashine ni ya baba yangu, haiuzwi. Tanga siendi. Na huyu nitaolewa naye bomani Kayanga. Kule kila mtu anaingia na dini yake na anatoka nayo."

"Ukoo utakutenga."

"Ukichoka kunitenga, karibu usage."

Mnunuzi akaaga kwanza, mzee akamfuata. Ildefonsi akasogea, uso umejaa furaha, lakini Mwajabu akamzuia kwa kiganja.

"Bado. Toa kwanza mkono wa hiyo koki."

Akaung'oa kwa spana, maji yakabaki yakipita tele, asiweze mtu kuyabana tena. Mwajabu akaupokea, ungali na joto, akaufunga kwenye pindo la kanga. Kisha akamwita Kokwijuka alete debe lake.