Kamba ya Tanga Haifungwi

Paschal alikuwa akirudi kutoka Ziwa Kitangiri kabla jua halijawa kali. Kambale wawili walikuwa mboga ya nyumbani, waliobaki waliondoka na wachuuzi wa Kiomboi. Mkewe Raheli akisonga ugali, yeye alikaa kivulini kushona nyavu na kutoa maoni juu ya kila kitu. Alikuwa mvuvi hodari, na hakuna aliyelijua hilo kuliko yeye mwenyewe.

Mwaka huo kijiji kilipata kituo cha vijana cha kujifunza kuendesha mashua za tanga. Mashua zilikuwa ndogo, nyepesi, za watu wawili. Mmoja hushika usukani na kamba ya tanga, mwenzake huegemea nje ili mashua isilale. Mwalimu alikuwa dada mmoja aitwaye Sikudhani, aliyejifunza na kushindana kule Mwanza. Calist, mtoto wa Paschal mwenye miaka kumi na sita, alijiandikisha siku ya kwanza. Alikwenda na rafiki yake Simeoni, mtoto wa jirani yao Agripina, mama mjane.

Vijana walitaka mashindano siku hiyo hiyo. Sikudhani aliwaambia mashindano yako mbali. Kwanza wangejifunza kuogelea na kuelea wakiwa na jaketi. Halafu wangejifunza kuipindua mashua wenyewe na kuiinua. Baada ya hapo wangeiendesha kwenda na kurudi siku za upepo mdogo, kisha kuzunguka maboya. Mwisho wangejifunza sheria za nani ampishe nani, ndipo washindane. Hakuna aliyeruhusiwa kuruka hatua.

Kuogelea kulikwenda vizuri. Shida ilianza kwenye hatua ya pili.

Pale ziwani, mvuvi aliyepinduka huchekwa mwaka mzima. Tena wazee huamini kwamba anayezamisha chombo kwa makusudi anajitakia mabaya. Paschal alifika ufukweni siku ya somo hilo akawakuta vijana wanapindua mashua huku watu wakitazama. Aliona aibu kama amevuliwa nguo. Aliwaita Calist na Simeoni watoke majini kabla zamu yao haijafika.

"Mwalimu, mimi miaka ishirini sijapinduka," alisema. "Mwanangu hatafundishwa kuanguka."

Sikudhani alimsihi awaache asubuhi hiyo moja tu. Paschal alikataa, akaondoka nao. Aliamua kuwafundisha mwenyewe kwa mtumbwi wake wa tanga la viroba. Na kusema kweli, waliiva haraka. Calist aliujua upepo, Simeoni alikuwa mwepesi. Paschal akawafundisha pia kufunga kamba ya tanga kwenye ubao wa kukalia, kama wavuvi wote wa pale wafanyavyo, ili mikono ibaki huru kwa nyavu.

Mwezi wa saba upepo wa Singida ukaanza kuvuma kwa nguvu. Mashindano ya kwanza yalipangwa Nane Nane, na majina ya wale wawili hayakuwemo. Sikudhani alisafiri kwenda Mwanza kutafuta vipuri. Alimwachia ufunguo Melkizedeki, mlinzi wa stoo, akamwagiza mashua isitoke hata moja. Melkizedeki alikuwa shemeji yake Paschal, na shemeji kumnyima shemeji ni kazi. Paschal alimwambia vijana watazunguka maboya mara moja tu, ili mwalimu akirudi asikie habari zao. Melkizedeki akafungua stoo.

Agripina alisimama ufukweni akiangalia mawimbi.

"Baba Calist, kwa upepo huu kweli?"

"Mama Simeoni, si niko hapa?"

Agripina akawaacha waende. Alimwamini, na hilo ndilo Paschal hajaweza kulisahau.

Vijana waliingia majini, Paschal akiwafuata kwa mbali na mtumbwi wake. Boya la kwanza walilizunguka vizuri. Kwenye la pili upepo ukaja kwa ghafla. Mwenye kamba mkononi angeiachia, tanga likamwaga upepo, mashua ikakaa sawa. Kamba ya Calist ilikuwa imefungwa kwenye ubao. Mashua ikalala ubavu, kisha ikageuka kabisa, mlingoti ukaelekea chini. Calist aliibuka akikohoa. Simeoni alikuwa chini ya tanga. Jaketi lake lilikuwa likimsukuma juu, nalo tanga lilikuwa limemfunika, basi hakupata pa kutokea.

Paschal alipiga kasia kwa nguvu zake zote. Alifika, akachana tanga kwa kisu, akamvuta kijana kwenye mtumbwi. Simeoni alikuwa ameshakufa. Alikuwa na miaka kumi na saba.

Matanga yalipokwisha, Agripina hakumtukana Paschal wala hakumlaumu mbele za watu. Aliacha kumsemesha tu. Akikutana naye njiani alipita kama anapita mti. Calist hakukanyaga tena majini. Raheli alimpeleka Itigi kwa mjomba wake anayefuga nyuki, kwa sababu nyumbani alikuwa hali wala halali.

Kijiji kilitaka kituo kifungwe. Kabla ya mkutano wa kuamua hilo, Paschal alimfuata Sikudhani stoo. Alikuwa amekonda.

"Mwalimu, nataka kujua. Pale chini angefanya nini?"

Sikudhani hakutaka kusema. Paschal aliuliza tena.

"Angeinua tanga kwa mkono juu ya kichwa," alisema polepole. "Ukiliinua, hewa inaingia, unapumua. Kisha unashika mshono wa tanga, unaufuata kwa mikono upande mmoja tu, bila kurudi nyuma, mpaka unatokea ukingoni."

"Kujifunza hayo kunachukua muda gani?"

"Asubuhi moja, baba. Ilikuwa asubuhi ile ile."

Paschal alikaa chini kwenye sakafu ya stoo akalia kwa sauti.

Mkutanoni alisimama akaeleza kila kitu: kuwatoa watoto kwenye somo, kufunga kamba, kumrubuni shemeji yake. Alisema kituo hakikumuua Simeoni. Watu walimzomea, naye akasimama mpaka wakachoka. Baada ya maneno mengi, kituo kikaachwa kwa masharti. Ufunguo ungekaa kwa watu wawili. Hakuna mashua kutoka kabla boti ya uokoaji haijatangulia majini, ikiwa na kisu na mtu anayejua kuogelea. Kamba ya tanga haifungwi, hushikwa mkononi. Na asiyeweza kuinua mashua iliyopinduka haendi maboyani, hata awe mtoto wa nani.

Wiki iliyofuata Paschal, mtu mzima wa miaka arobaini na sita, alivaa jaketi akajipindua mbele ya kijiji kizima. Watu walicheka. Alirudia mpaka akaweza kutoka chini ya tanga amefumba macho. Sikudhani ndipo akamkabidhi boti ya uokoaji.

Mwaka uliofuata Eliza, mdogo wake Simeoni, alimwomba mama yake amruhusu kujifunza. Agripina alikataa miezi mitatu. Halafu akaja kukaa ufukweni kila Jumamosi, akiangalia kila hatua kwa macho yake, na Eliza hakuruka hata moja.

Siku ya Nane Nane zilishindana mashua saba. Kwenye boya la pili upepo ukapiga, na mashua ya Eliza ikapinduka. Paschal aligeuza boti kumfuata. Vichwa viwili vilikuwa vimeshatokea. Eliza alipanda juu ya ubao unaochomoza chini ya mashua, akaegemea nyuma na kuvuta. Mashua ikainuka, ikatiririsha maji, wakaingia, wakaendelea. Walimaliza wa mwisho.

Paschal alipofika nchi kavu alimkuta Agripina amesimama majini mpaka magotini, sketi yake imelowa. Hakuwa amemsemesha tangu msiba.

"Simeoni naye angeinuka hivyo," alisema Agripina.

Paschal angeweza kusema ni mapenzi ya Mungu. Wengi walikuwa wameshamwambia hivyo.

"Ndiyo, mama. Kama nisingemtoa kwenye somo, angeinuka."

Agripina aliikamua sketi yake. Eliza alikuwa akija anakimbia, ametota, anacheka.

"Jumamosi anatoka tena," Agripina alisema. "Uwe kwenye hiyo boti."